Mafunjo ya Igombe yameshika, hatimaye

Nilipopata kiwanja hiki Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, mafunjo yalishafyekwa hadi majini na ndege wamehama. Nikapanda, yakaelea. Nikadhani ng'ombe, nikazungushia miiba. Wapi! Kumbe ni magugu maji: upepo wa usiku ukiyasukuma ufukweni, yanang'oa kila kitu.

Kwanza nikachomeka safu ya nguzo majini kuyazuia. Kisha nikakata vipande vya mzizi ule mnene unaotambaa, kila kimoja na chipukizi lake, nikavifunga kwenye vijiti kwa kamba ya katani. Chipukizi lazima lichungulie juu ya maji, kama upana wa kiganja hivi. Yale niliyozamisha yalioza yote.

Sasa mnana wanasuka viota. Kujenga ndani ya mita 60 kutoka ufukweni sheria ya mazingira ya 2004 hainiruhusu, basi wajenge wao.