Gauni la Tonya

Mimi ni fundi cherehani hapa Kisenyi, Kampala, na barafu naijua ya kwenye soda tu. Lakini kisa cha Tonya Harding na Nancy Kerrigan, Wamarekani walioshindana kuteleza kwenye barafu, kimenikaa rohoni kwa sababu ya nguo. Tonya aliwahi kushindana na gauni la kushonwa nyumbani. Nancy alivaa la Vera Wang, mbunifu maarufu wa mavazi. Mwaka 1991 Tonya akawa Mmarekani wa kwanza mwanamke kuruka mruko uitwao akseli, wa mizunguko mitatu na nusu hewani, mashindanoni. Bado wakamwona mshamba.

"Nancy si mtoto wa tajiri?" akauliza mteja wangu akisubiri zipu.

Wapi! Baba yake alikuwa mchomelea vyuma.

Simtetei Tonya. Januari 1994 Nancy alipigwa rungu mguuni huko Detroit, njama ya mume wa zamani wa Tonya na wenzake. Tonya mwenyewe akakiri kukwamisha mashtaka.

Ila mimi shuleni niliachwa nje ya timu ya netiboli kwa sketi yenye kiraka. Nilikishona mwenyewe, mishono midogo midogo, ukiwa mbali hukioni. Mwalimu alikiona.