Bando la bila kikomo, siku ya kumi na moja

Mwaka 2021 nilikuwa nalala saa mbili usiku ili niamke saa sita. Hapa Faza, kisiwani Pate, nina chumba kimoja ubavuni mwa nyumba ya mama: kompyuta mbili, printa, betri mbili za sola na, wakati ule, dishi kubwa lililofungwa juu ya sutuhi. Watu huja kuomba vyeti vya kuzaliwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Walimu huja kusajili watahiniwa wa KNEC, baraza la mitihani la Kenya. Vijana huja kutafuta kazi Mombasa na Muscat. Kazi hizo zote hazisubiri, lakini mtandao wangu ulikuwa unasubiri usiku.

Kampuni iliyonifungia dishi lile iliniuzia bando lililoandikwa "bila kikomo". Siku ya kumi na moja ya mwezi, kasi ikaanguka. Nikadhani ni mvua, kwa sababu wingu zito hupunguza nguvu ya ishara ya setilaiti. Anga ikatakata, hali ikabaki vile vile. Nikapima: kilobiti 256 kwa sekunde. Picha ya kitambulisho ya megabaiti 4 ilichukua dakika mbili kupanda, na Bi mkubwa aliyeileta alikaa kitini akiitazama ile duara ikizunguka, asiseme neno.

Nilipopiga simu niliambiwa, kwa upole kabisa, kwamba bando langu kweli halina kikomo, ila nimefikia kiwango cha "matumizi ya haki". Kiwango chenyewe kilikuwa gigabaiti (GB) 40, kimeandikwa ukurasa wa nne wa mkataba kwa herufi ndogo. Kuanzia hapo hadi mwisho wa mwezi ningeendelea kwa kasi ile ya kutambaa. Afueni ilikuwa moja tu: kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri matumizi hayahesabiwi. Ndiyo nikawa mtu wa kukesha, nashusha fomu na mitihani ya majaribio ya walimu mpaka nisikie adhana.

Usiku ule wa bure ndio ulionifungua macho. Kama gigabaiti zingekuwa maji ya jabia, yakitekwa yameisha, kusingekuwa na sababu ya kuzigawa bure gizani. Kwa hivyo si maji. Ni Mkanda.

Msafiri yeyote wa kutoka Amu (Lamu) kuja kwetu anaujua Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara. Maji yakipwa, vyombo hujipanga kusubiri. Yakijaa, wote wanataka kupita saa ile ile. Mkondo haupungui kwa kupitwa, ila hauwezi kupitisha kila mtu kwa wakati mmoja. Setilaiti ya aina ya zamani iko juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, moja inahudumia eneo kubwa mno, na uwezo wake wa kubeba mawasiliano ni ule ule iliorushwa nao. Saa mbili usiku nyumba zote zinafungua video. Saa tisa usiku mkondo ni mtupu. Kampuni inaweka kikomo cha GB ili kutubana saa ya msongamano, na hilo mimi nalielewa. Kisichonipitia kooni ni kuandika "bila kikomo" kwa herufi za kimo cha kidole, na GB 40 kwa herufi za kutafutiwa miwani. Mtu wa kisiwani analipa akiba yake yote ya mwezi kwa neno lile.

(Umbali ule una adha nyingine pia. Swali linapanda, linashuka kituoni, jibu linapanda tena na kushuka tena, karibu nusu sekunde nzima njiani. Mama akizungumza na dada kwa video, kila mmoja alikuwa anamkata mwenzake bila kutaka.)

Starlink, kampuni ya mtandao wa setilaiti za chini, ilipoanza Kenya Julai 2023, setilaiti zake zikipita kilomita 550 hivi tu juu yetu, ule ukimya wa nusu sekunde uliondoka. Bei ya kifaa ndiyo ilinizuia kwa mwaka mzima. Agosti 2024 wakaleta utaratibu wa kukodi kwa shilingi 1,950 kwa mwezi. Bando lisilo na kipimo lilikuwa shilingi 6,500, na lingine la GB 50 shilingi 1,300. Nikachukua la GB 50, kwa sababu lilinitajia idadi yake waziwazi.

Mwezi wa kwanza liliisha siku ya tisa. Safari hii sikumpigia mtu simu. Nilichukua daftari nikazima simu zote za nyumbani, nikawasha moja moja, nikatazama hesabu. Simu ya mpwa wangu peke yake ilikuwa imepandisha GB 17: kila video aliyopiga ufuoni tangu apewe simu ile ilikuwa inajihifadhi mtandaoni yenyewe, usiku na mchana. Kompyuta moja ilikuwa inajisasisha. Nyingine ilikuwa inaonyesha mpira kwa picha ya hali ya juu, ambayo hula hata GB 3 kwa saa, wakati ile ya kawaida ingetosha kabisa kwa kioo kile kidogo. Nikazima uhifadhi wa picha, nikaiwekea kompyuta alama kwamba mtandao huu unapimwa, nikashusha ubora wa video. Mwezi wa pili GB 50 zilinifikisha siku ya ishirini na sita.

Novemba mwaka huo huo Starlink ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu uwezo ulikuwa umejaa. Nilisoma habari ile mara mbili. Hata setilaiti zikiwa maelfu, eneo moja lina Mkanda wake, na safari hii waliokwama foleni walikuwa watu wa mjini. Sisi huku tulio wachache tulipita.

Siku hizi nimebandika karatasi mlangoni, nambari imeandikwa kwa kalamu nene nyekundu, naibadilisha kila asubuhi. Wiki iliyopita Mwalimu aliingia na orodha ya watahiniwa kwapani, akasimama mlangoni kabla ya kuvua viatu.

"Mtandao wako huu una kikomo?"

"Unacho, Mwalimu. Zimebaki GB 14, na mwezi umebakisha siku sita."

Akahesabu majina kwa kidole, akavuta kiti.