Vikombe viwili vya 1968, na kimoja kilimalizika 1969

Swali la mpira "1968 tulibeba vikombe gani?" linazua ubishi mkubwa hapa Lubumbashi, na ubishi mwingi unatokana na kuchanganya majina na miaka. Ukiandika "Zaire 1968", futa. Jina hilo la nchi yetu lilikuja 1971. Ekipi ya taifa iliandikwa Kongo-Kinshasa, na lazima useme Kinshasa, maana Kongo-Brazzaville ilikuwa kwenye kundi hilohilo la Kombe la Afrika kule Ethiopia.

Kundi lilichezwa Asmara. Tuliwapiga majirani wa Brazzaville 3-0, Ghana wakatufunga 2-1, kisha tukawatoa Senegal 2-1. Ukipanga jedwali, kumbuka kwamba ushindi ulikuwa na pointi 2, si 3: Ghana 5, Kongo-Kinshasa 4, Senegal 3, Brazzaville 0. Anayehesabu kwa kanuni za leo anapata 6 kwa Kongo, na jedwali lake halilingani na la wakati ule.

Nusu fainali ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote: Ethiopia, wenye nyumba na mabingwa wa 1962, walikubali 3-2 baada ya muda wa nyongeza. Halafu fainali ya Addis Ababa, 21 Januari, na Ghana tena. Hawa walikuwa mabingwa wa 1963 na 1965, na mwaka huo wa 1965 walitufunga 5-2 kule Tunisia. Safari hii bao lilikuwa moja tu, dakika ya 66, la Pierre Kalala. Kalala alikuwa mchezaji wa Englebert, klabu ya Lubumbashi ambayo leo ni TP Mazembe, kwa hiyo jiji hili lina haki ya kulisema bao hilo kwa sauti.

Kombe la pili, la klabu bingwa Afrika, linahitaji uangalifu zaidi. Linahesabiwa kwa mwaka wa mashindano, si kwa siku ya mechi. Fainali ya 1968 ilichezwa Machi 1969: Englebert 5-0 Étoile Filante ya Lomé mjini Kinshasa, kisha wakapoteza 4-1 kule Togo. Jumla ni 6-4. Ukitafuta mechi hizo kwenye tarehe za 1968, hutaziona.

Tena usiandike kwamba kombe la 1967 tulilishinda kwa mabao. Zilikuwa sare mbili na Asante Kotoko ya Kumasi, 1-1 Ghana na 2-2 Kinshasa. Kama bao la ugenini lingehesabiwa kuwa na uzito zaidi, kombe lingekwenda Kumasi. Ikaamuliwa mechi ya tatu, Kotoko hawakufika, Englebert wakapewa kombe. Ndiyo maana ile 5-0 ina uzito wake: hapo ubingwa ulipatikana uwanjani. Klabu nyingine kutetea kombe hilo haikupatikana hadi Enyimba ya Nigeria, 2004.

Jina Mazembe lilikuja baadaye. Kwenye orodha ya 1968, andika TP Englebert.