Wani ya nane, halafu?

Mwezi wa saba hapa steshenari kwangu hakuna mchana wala usiku. Nipo Upanga, hatua chache kutoka kituo cha mwendokasi cha Faya. Nina kompyuta tatu, printa mbili (moja inatafuna karatasi) na feni inayozungusha joto lilelile. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mtandao unaelemewa na benchi langu la nje linajaa wazazi. Mwaka 2025 kwenye benchi hilo alikaa pia dada yangu, tumbo moja, kafuatana na binti yake aliyesoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Huyo mtoto anataka udaktari tangu darasa la tatu, siku aliyofungwa plasta ya mkono akawa anamuuliza daktari maswali mpaka daktari akachoka.

Ukurasa ulifunguka baada ya kama dakika arobaini. Nikashuka na kidole mpaka kwenye namba yake. Safu ya AGGT, ya jumla ya pointi, 8. Safu ya DIV, ya divisheni, I. Kemia B, Baiolojia B, Fizikia D. Dada akapiga kigelegele mpaka mlinzi wa jengo la jirani akaja kuchungulia. "Wani ya nane! Daktari huyo!" Nikafurahi naye, wala sikujifanya. Ila macho yangu yalikuwa yamebaki kwenye ile D.

Nimejaza maombi ya vyuo vya watoto wa watu kwa miaka saba sasa, na kitu kinachowachanganya wazazi kuliko vyote ni neno "pointi". Lilinichanganya hata mimi. Msimu wangu wa kwanza alikuja binti mmoja mpole, ana wani ya tano. Nikafungua kitabu cha mwongozo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, nikaona chuo kinataka pointi nyingi kuliko tano, nikamwambia kwa sauti ya kitaalamu kabisa, "Mdogo wangu, hapa hujafika." Akaondoka analia. Kesho yake akarudi na mwalimu wake wa Kemia, mzee mmoja wa miwani, ambaye hakunigombeza. Aliomba tu kalamu na kipande cha karatasi.

Akaniandikia hivi. Baraza la Mitihani linahesabu A kuwa 1, B kuwa 2, C kuwa 3, D kuwa 4, E kuwa 5. Kwao kidogo ndio kizuri, na divisheni wani ni pointi 3 mpaka 9 kwa masomo matatu ya kombi. GS, lile somo la maarifa ya jumla, na hesabu ndogo ya BAM hazimo. TCU na vyuo wanageuza shati: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwao kikubwa ndio kizuri. Ukijumlisha mizani mbili, kila somo linatoa 6, na masomo matatu yanatoa 18. Kwa hiyo chukua 18, toa pointi za divisheni, unapata pointi za chuo. Yule binti wa wani ya tano alikuwa na 13, yaani A moja na B mbili. Niliona aibu, nikamfanyia kila kitu bure mpaka barua ya udahili. (Hesabu ya 18 inakwama ukiwa na S, alama iliyo chini ya E, kwa sababu TCU wanaipa nusu pointi. Na ukikuta cheti cha 2014 au 2015 chenye B+, weka kalamu chini, ule ulikuwa mpangilio mwingine.)

Kwa hiyo mpwa wangu na wani ya nane yake alikuwa na pointi 10 za chuo. Dada akauliza, "Kumi kati ya ngapi?" Kumi na tano. Uso ukashuka kidogo.

Na jumla yenyewe haitoshi. Mwaka juzi nilikuwa na vijana wawili benchi moja, wote wani ya tisa. Mmoja ana C tatu. Mwenzake ana A ya Baiolojia, C ya Kemia na E ya Fizikia. Pointi ni zilezile, tisa huku na tisa kule, maana C ni 3 kwenye mizani zote mbili, na A na E zinabadilishana tu 1 na 5. Chuo walichokitaka wote kilidai angalau D ya Fizikia kwa udaktari. Yule wa C tatu mfumo ukampokea. Mwenye A ya Baiolojia, somo la daktari hasa, ukamkataa palepale, hata kwenye foleni hakuingia. Nimeona Fizikia ikizika madaktari wengi kuliko Kemia, na hilo nitabishana na yeyote.

Sasa nieleze kuhusu foleni, maana hapo ndipo mimi na dada tulipopishana.

Mwezi mmoja kabla, Juni, alikuja mteja wangu wa siku nyingi, mama wa Kihindi ambaye mumewe yuko hapa mjini kwa mkataba. Wao ni raia wa India. Mwanawe alikuwa amepanda ndege mpaka Dubai mwezi wa tano kufanya NEET, mtihani mmoja wa kuingia udaktari kwa nchi nzima ya India. Alitaka nimtolee kopi ya matokeo, ya rangi. Nikaona pale 98 na nukta zake, nikasema, "Hongera mama, tisini na nane kwa mia!" Akatikisa kichwa. Akavuta kiti.

Ile haikuwa asilimia ya maswali aliyopata. Ni pasentaili: katika kila watu mia, amewapita tisini na nane. "Lakini sisi ni milioni mbili na laki mbili," akasema. Tukapiga hesabu kwenye kikokotoo changu cha dukani. Asilimia mbili ya hao ni 44,000. Watu karibu elfu arobaini na nne wako mbele ya mtoto wake, na karatasi haifichi: chini kabisa kumeandikwa nafasi yake katika India yote, namba kamili.

Alinifundisha mengi mama yule huku printa ikikohoa. Mtihani una maswali 180, kila moja alama 4, jumla 720, na ukikosea unakatwa alama 1. Baiolojia peke yake ni 360, nusu ya mtihani. Mkilingana, wanatazama kwanza Baiolojia, halafu Kemia, ndipo Fizikia. Na alama zenyewe hazina thamani ya kudumu, zinapanda na kushuka kama nyanya za Kariakoo. Mwaka 2024 walipata alama zote 720 watu kumi na saba, baada ya matokeo kusahihishwa kufuatia kelele na kesi, na zaidi ya watu elfu mbili walikuwa na 700 kwenda juu. Mwaka 2025 mtihani ukaja mgumu, na wa kwanza nchi nzima akapata 686. Hebu fikiria: 686 ya 2025 ni ya kwanza, 686 ya mwaka mmoja nyuma ina watu zaidi ya elfu mbili mbele yake.

Kufaulu nako ni neno tu kule. Kwa 2025 kundi la jumla, la wasio na viti vya kutengewa, lilihesabiwa limefaulu kuanzia alama 144 kati ya 720. Waliofaulu walizidi milioni 1.2, na viti vya MBBS, shahada ya udaktari ya kule, ni laki moja na ushee, karibu nusu yake tu vya serikali. Kisha viti vya serikali za majimbo vinagawanywa: asilimia 15 vinagombewa na India nzima, 85 vinabaki kwa watu wa jimbo. Nafasi ileile inaweza kukupa kiti jimbo hili na kukunyima jimbo la pili. Nikamuuliza kwa nini asimsomeshe hapahapa, Mikocheni kuna chuo. Akacheka. Raia wa India akisomea udaktari nje na akataka kurudi kutibu kwao, lazima awe amefaulu NEET hiyohiyo.

Nilimweleza dada yangu haya yote tukila chipsi mayai saa tano usiku. Akasema, "Hayo ya Wahindi. Sisi mtoto wetu ana wani."

Nikamwambia dada, foleni ipo na huku. Tofauti ni kwamba kule wanakupa namba na huku unasimama gizani. Baraza lilishaacha kutangaza hata wanafunzi kumi bora tangu Januari 2023. Cheti kinasema daraja, hakisemi wangapi wana daraja hilo. Lakini chuo kina viti vyake, idadi imechapishwa kwenye kitabu cha TCU pembeni ya kila kozi, na wakiomba wengi kuliko viti, wanapangwa kuanzia wenye pointi nyingi. Vile vigezo vya chini vilivyoandikwa ni geti tu. Vinakuingiza uwanjani, havikupi kiti. Mwenye 10 anashindana na wenye 12, 13, 14, ambao nao wamepiga vigelegele kwao.

Dada hakutaka kusikia. Alitaka chuo kimoja tu, anachokiona kila akipanda daladala. Nikamtajia vingine: KCMUCo Moshi, Bugando Mwanza, Dodoma, ndaki ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Mbeya, SUZA Zanzibar, Kairuki. Tangu mfumo wa pamoja wa TCU ulipoondolewa 2017, unaomba kila chuo peke yake, kwa hiyo hakuna anayekuzuia kuomba vitatu. "Kwa nini nitupe hela ya ada ya maombi vyuo vitatu?" Mtoto alinyamaza, anakunja ncha ya risiti. Nilipaswa kumuuliza yeye. Sikumuuliza. Nikajaza kimoja.

Dirisha la kwanza la udahili jina halikutoka.

Siku ile nilizima printa mapema. Mpwa wangu alikuja peke yake jioni, akaingia nyuma ya kaunta, akafungua mwenyewe kitabu cha TCU kwenye kompyuta ya tatu. Safari hii hakuanzia kwenye majina ya vyuo. Alianzia kwenye safu ya viti na safu ya vigezo, akaandika daftarini kama anajibu swali la Kemia. Akachagua vitatu. Mbele ya Mwanza aliandika "D ya Fizikia inatosha" na akapigia mstari mara mbili.

Dirisha la pili alipata viwili. Ukipata zaidi ya kimoja, unatumiwa namba ya siri kwa simu, uithibitishe chuo kimoja ndani ya muda, la sivyo kiti kinaondoka. Simu yake ilikuwa haina chaji, ipo kwa mangi wa duka inachajiwa, na mangi kafunga kwenda msibani. Tuliigongea ile fremu mpaka mkewe akatoka na khanga begani. Tukathibitisha Mwanza saa tatu usiku, bando langu, vidole vyake vinatetemeka.

Barua ya udahili niliitoa nakala tatu. Moja ya Bodi ya Mikopo, moja ya chuo, moja ya mama yake. Dada aliishika kwa ncha za vidole, akaisoma mbele, akaigeuza nyuma.

"Sasa kati ya hao wote," akaniuliza, "mwanangu alikuwa wa ngapi?"

Nikamwambia haimo kwenye karatasi.

Akaitazama tena. Halafu akauliza kulaminetisha ni shilingi ngapi. Nikamwambia hiyo usilaminetishe dada, chuoni wataigonga muhuri.