Intaferometa ya mezani: mistari imetulia, nimeshaanza jambo jingine

Kwa mgeni: intaferometa hugawa mwanga wa leza njia mbili, yaani mikono miwili, kila mmoja una kioo mwishoni, kisha huurudisha pamoja; unapokutana hutoa mistari ya mwanga na giza. Jana usiku mistari hiyo ilikaa ukutani imetulia tuli. Nikakohoa makusudi, ikatikisika kidogo, ikarudi mahali pake. Wanaofuatilia mradi huu wanajua nimeisubiri vipi.

Vioo ni vilevile, sahani za diski za kompyuta zilizokufa. Kioo cha dukani msinishauri tena: fedha yake imepakwa nyuma, kila mwale unarudi mara mbili, mistari inachafuka. Leza ni ya sokoni, nyekundu. Inataka kuachwa iwake kwanza ndipo itulie.

Kilichonitesa ni mtikisiko. Huku Mtwara msimu wa korosho ukianza malori yanashuka bandarini usiku kucha, na kila likipita moja mistari inacheza sindimba. Leza ya nanomita 650 haina huruma: kioo kikisogea nanomita 325 tu, mstari mzima umehama. Nimetandika zulia, nimetandika godoro, wapi! Nikaning'iniza kioo kwa mshipi wa kuvulia nikiwaiga LIGO (watafiti wa Marekani wanaonasa mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya nafasi yenyewe, kwa intaferometa kubwa), ambao vioo vyao vya kilo 40 vinaning'inia kwenye nyuzi za kioo. Changu kikabembea tu. Wao wana mitambo ya kutuliza bembea, mimi nina mshipi. Dawa imekuwa slebu ya zege juu ya mpira wa ndani wa pikipiki, upepo nusu. Ukiujaza ukakaza, unapitisha kila kitu.

Sasa fikiria hawa wenzetu. Wimbi la mvutano la tarehe 14 Septemba 2015, la mashimo meusi mawili yaliyoungana zaidi ya miaka-nuru bilioni 1 kutoka hapa, lilibadili mikono yao ya kilomita 4 kwa kiasi kidogo mara mamia kuliko protoni. Mstari wangu mmoja ni kama mara bilioni 80 ya hapo! Na malori kwao yapo. Ndiyo maana vituo ni viwili, Livingston kule Louisiana na Hanford kule jimbo la Washington, umbali wa kilomita 3,000 hivi. Lori la Livingston halitikisi Hanford, ila wimbi la mvutano linapita kote kwa kasi ya mwanga, na ardhi hailizuii. Siku ile lilipiga Livingston, milisekunde 7 baadaye likawa Hanford.

Hatua iliyofuata ilikuwa fotodaiodi, kifaa kidogo cha kugeuza mwanga kuwa umeme. Imeahirishwa, maana nimepata wazo tamu zaidi: nimegandisha kipande cha diski kwenye spika ya simu mbovu, kikawa kioo cha mkono mmoja, nikaipigia sauti inayopanda kutoka hezi 35 hadi 250 ndani ya sehemu ya tano ya sekunde, kama wimbi lile. Mwanga unaangukia paneli ya taa ya sola, waya unaingia amplifaya. Wimbi la kweli hurefusha mkono mmoja huku likifupisha mwingine, kisha kinyume chake. Spika yangu inasogeza mmoja tu. Najua, niacheni.

Kwenye hedifoni: wuup! Nikaziba mkono mmoja kwa kadibodi, kimya. Nikatoa, wuup. Kinachoniudhi sasa ni mvumo wa umeme wa hezi 50. LIGO nao wana wao wa hezi 60, wanauchuja kwa programu. Mimi natafuta betri ya pikipiki ya kuendeshea amplifaya, mwenye nayo aseme bei.