Mashine ya mimba na mvuvi asiyeweza kuingia majini

Ukikaa chumba cha altrasaundi hapa Tanga mjini siku yako nzima ni mimba. Mimba, figo, tezi dume, uvimbe kwenye kizazi, mara moja moja mawe kwenye nyongo, afu mimba tena. Kwa hiyo mtu akija na fomu kwamba anahema ovyo aje apigwe altrasaundi, hata kina mama kwenye benchi wanamgeukia, baba wewe unahema, humu umefuata nini? Na wana haki yao bana, maana hata sisi chuoni tulifundishwa hivyo hivyo, kwamba kifua ni hewa, na mawimbi ya altrasaundi yakikutana na hewa yanarudi yote, huoni kitu, kifua kipeleke eksirei.

Ila msuli unaovuta hiyo hewa sio hewa, ni nyama. Diaframu, kile kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, ndio inafanya sehemu kubwa ya kazi ya kuvuta pumzi ukiwa umetulia. Ikikaza inashuka chini, mapafu yanatanuka, tumbo linatoka nje kidogo. Kila upande una neva yake, inatoka shingoni kwenye mizizi ya neva ya tatu mpaka ya tano, inashuka kifuani ikipita ubavuni mwa moyo mpaka kwenye msuli wenyewe. Safari yote hiyo kuna sehemu nyingi za kuumia: ajali ya bodaboda iliyovunja shingo, operesheni ya moyo, uvimbe kifuani, kichanga aliyevutwa bega wakati wa kuzaliwa, au neva tu imevimba kwa ugonjwa na hakuna aliyeigusa.

Sasa hapa kwetu mtu akilalamika pumzi, njia ni ileile. Pumu, chukua pampu. Kama aliwahi kutibiwa TB, basi ni makovu ya TB. Kama alifanya kazi kwenye mkonge, ni vumbi la mkonge. Mara nyingi ni kweli, sibishi, pumu ipo na makovu ya TB yapo mengi tu. Ninachosema ni kwamba hakuna anayeuliza kama msuli wenyewe unafanya kazi, na eksirei haiwezi kukujibu hilo, maana eksirei ni picha ya sekunde moja. Itakuonyesha diaframu imepanda juu, haitakwambia kama inacheza.

Nikupe mfano. Aliletwa mzee mmoja mvuvi, mtu wa pwani ya huku huku, kifua kipana, mikono ya kuvuta jarife tangu ujana. Miezi kadhaa nyuma bega lilimuuma vibaya sana, usiku halali, wakamchua mafuta wee, wiki zikapita likapoa lenyewe. Baada ya hapo ndio pumzi ikaanza kusumbua. Akapewa pampu. Haikusaidia. Akapewa dawa za kukojoa wakidhani moyo, akakojoa kweli lakini pumzi ileile. Moyo ukapimwa uko safi. Picha ya kifua ikaandikwa kwamba mgonjwa hakuvuta pumzi vizuri wakati wa kupigwa, diaframu ziko juu pande zote mbili. Hayo maneno ukiyasoma leo unacheka kwa uchungu, maana hakuvuta pumzi vizuri kwa sababu hawezi, hilo ndilo alilokujia kulalamika!

Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitika marahaba mwanangu, nikamuuliza pumzi inakukata lini hasa. Akasema, "Mwanangu mi nchi kavu natembea vizuri tu, sokoni naenda narudi. Lakini nikisukuma ngalawa, maji yakinifika hapa," akaweka kiganja juu ya kitovu, "pumzi inakata kabisa, narudi ufukweni nimeshika magoti. Na kulala nalala nimekaa, ukinilaza chali utaniua."

Jamani hiyo ni dalili ya kwenye kitabu kabisa. Ukisimama kwenye maji ya kiunoni mpaka kifuani, maji yanabana tumbo na vilivyomo tumboni vinasukumwa juu. Mimi na wewe diaframu inasukuma chini, hatusikii kitu. Msuli ukiwa umelala hauna cha kusukuma, ini na matumbo yanapanda yanakaa palipokuwa nafasi ya pafu. Kulala chali ni hivyohivyo. Mtu wa mjini asiyeoga baharini angelalamika kulala tu, hili la maji ungelipata kwa mvuvi au mtu wa kupiga mbizi, ndio maana kumuuliza mgonjwa kazi yake sio umbea.

Nikamlaza nusu, kichwa kimeinuliwa, dakika chache tu. Kabla hata ya kugusa probu, kile kifaa cha mkononi kinachopitishwa kwenye ngozi, nikaangalia tumbo. Alipovuta pumzi tumbo likaingia ndani badala ya kutoka, na misuli ya shingo ikasimama yote. Hiyo haihitaji mashine, nesi yeyote wodini anaweza kuiona, ila ni lazima umfunue mgonjwa na umwangalie, sio umwandikie akiwa kakaa na kanzu yake.

Afu kazi yenyewe. Unachukua ile probu bapa ya mishipa na tezi, sio ile ya mimba, unaiweka ubavuni kulia, kwenye mstari unaoshuka kutoka mbele ya kwapa, kati ya ubavu wa nane na wa tisa au wa tisa na wa kumi. Hapo diaframu imejilaza ukutani kwa ndani, haina pafu mbele yake, kina chake sentimita mbili tatu tu kwa mtu mwembamba. Utaona mistari miwili myeupe kama reli, wa juu ni utando wa upande wa mapafu, wa chini ni utando wa tumbo, na katikati pana giza giza. Hilo giza ndio msuli. Mwambie atoe pumzi taratibu, gandisha picha, pima unene kati ya mistari, usiijumuishe mistari yenyewe. Mwambie avute mpaka mwisho kabisa, gandisha, pima tena. Msuli unaofanya kazi unanenepa ukikaza, kama vile wa mkono wa mtu anayejionyesha. Chukua tofauti, gawa kwa unene wa mwanzo, zidisha mia. Milimita 2 ikawa 3.4, hiyo asilimia 70, mtu mzima wa afya. Watafiti wawili wa Marekani, Gottesman na McCool, waliandika mwaka 1997 kwamba msuli uliopooza hauongezeki hata asilimia 20, na mpaka leo namba hiyo ndio inatumika.

Mzee wangu kulia alitoka 1.6 akaenda 1.7. Kushoto kunasumbua kila mtu, bandama ni ndogo na gesi ya mfuko wa chakula inaziba, ila kwa ubavuni tuliipata na nako kulikuwa hakuna kitu.

Nikabadilisha probu, sasa ile ya mimba, chini ya mbavu kulia, unalitumia ini kama dirisha unaangalia juu. Hapa unapima mwendo, sio unene. Mtu akipumua kawaida diaframu inashuka sentimita moja na nusu mbili hivi, akivuta kwa nguvu inaweza kufika sita saba. Nikamwambia mzee, funga mdomo, nusa kwa ghafla kama umesikia harufu ya samaki aliyeoza. Akanusa, na ule mstari badala ya kushuka kuja kwenye probu ukapanda juu, ukaenda kinyume. Zamani hili jambo lilikuwa linafanyika kwa eksirei ya kuangalia moja kwa moja, mgonjwa anapigwa mionzi huku ananusa. Sasa hivi ni jeli na taulo.

Daktari aliyeandika fomu, kijana tu ila kichwa kinafanya kazi, akaunganisha na lile bega: kuna ugonjwa wa neva za begani unaoanza na maumivu makali, afu maumivu yakiisha ndio udhaifu unabaki, na mara nyingine unachukua na neva ya diaframu. Kupona kupo lakini neva inakua polepole, mwaka, miaka miwili mpaka mitatu, na wengine hawaponi. Alipewa rufaa kwa ajili ya mashine ya kumsaidia kupumua usiku kwa barakoa. Pampu tukamwambia aiweke kabatini. Nilipompima tena baadaye kulia kulikuwa kumeanza kusogea, kushoto bado.

Nilipoanza kusoma zaidi nikakuta kumbe wenzetu wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, wamefika mbali sana kwenye hili. Mwaka 2008 Wamarekani walichukua vipande vya diaframu kwa watu ambao ubongo ulikuwa umeshakufa na walikuwa kwenye ventileta, mashine ya kumpumulia mgonjwa, saa 18 mpaka 69, nyuzi za msuli zilikuwa zimepungua ukubwa zaidi ya nusu ukilinganisha na watu wengine. Siku tatu hazijafika! Mashine ikikupumulia, msuli unakaa bure unaisha. Afu 2015 Wakanada wakafuatilia wagonjwa 107 kwa altrasaundi: 47 diaframu ilipungua unene zaidi ya asilimia 10, 47 haikubadilika, na 13 iliongezeka. Hao 13 ndio walionifanya nifikirie, kwa sababu kunenepa kule sio afya, ni mtu anayepigana na mashine. Kwa hiyo ukikaa na probu unaweza kumwambia daktari huyu umempa msaada mwingi, huyu umempa mdogo. Na kabla ya kumtoa mtu kwenye ventileta wengi wanaangalia kama msuli unanenepa angalau karibu asilimia 30. Ila kwenye ventileta usidanganywe na mwendo, mashine ikisukuma hewa diaframu itashuka yenyewe hata kama imekufa. Hapo pima unene.

Sasa msije mkaanza kuniletea kila anayehema. Hiki kipimo kina ubovu wake, na mkubwa ni kalipa, zile alama unazoweka kwenye skrini kupimia unene. Msuli wenyewe milimita 2. Ukikosea milimita 0.2 tu, umeshasogeza jibu kwa asilimia 10, kutoka 20 kwenda 30, yaani kutoka mgonjwa kwenda mzima. Mgonjwa akiwa hajakuelewa, au anaona aibu kuvuta pumzi mbele yako, utaandika kapooza na hajapooza. Na mwenye mapafu yaliyojaa hewa kwa sababu ya sigara za miaka, unene wake unaweza kuwa wa kawaida kabisa lakini diaframu imelala bapa, haina pa kushuka, sasa huyo usimpe jibu kwa namba moja.

Kwa wenzangu wa vituo vya afya mlioniuliza muanzie wapi, mashine hiyohiyo mliyonayo inatosha ikiwa na probu bapa. Anza na mwili wako, upande wa kulia, umejilaza, na mwenzako ashike probu. Pima mara tatu uchukue wastani, afu mwenzako apime bila kuangalia namba zako. Ukipata chini ya 20 na wewe asubuhi umepanda ngazi za kazini unapiga stori, tatizo ni kalipa, rudieni.