Mirathi ya Fundi Umeme wa Mbagala

Mwaka 2013 mjane mmoja wa Mbagala aliniletea barua ya usimamizi wa mirathi, Fomu Na. IV, yenye muhuri wa mahakama ya mwanzo ya kijijini kwa marehemu mumewe, fundi umeme, Nyanda za Juu Kusini, zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam. Aliyeteuliwa kusimamia mali ya marehemu ni shemeji yake. Dalali alikwishapita kuiangalia nyumba, na mama alikuwa ameambiwa mwezi ukiisha awe amehama. "Wakili, karatasi hii inaweza kuuza nyumba yangu?" Nilimjibu kwamba inaweza. Barua ya usimamizi ikishatoka ni halali mpaka mahakama iitengue.

Kwa hiyo kabla ya hoja yoyote ya sheria tulikwenda kwa Msajili wa Hati kuweka zuio. Kiwanja kilikuwa kimepimwa na hati ilikuwa kwa jina la marehemu, jambo lililotusaidia sana. Kuweka zuio kunataka maombi kwenye fomu yake, kiapo kinachoeleza maslahi ya mwombaji, nakala ya cheti cha ndoa na ada. Zuio halithibitishi kwamba nyumba ni yako. Kazi yake ni kuhakikisha uhamisho hauandikishwi bila wewe kutaarifiwa kwanza. Watu wengi mjini huandika ukutani kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI, wakadhani wamemaliza. Rangi humzuia mnunuzi aliyefika na kuisoma. Msajili ofisini haioni.

Baada ya hapo tukaangalia tarehe. Kifungu cha 22 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, kinaipa mahakama ya wilaya uwezo wa kupitia mwenendo wa mahakama ya mwanzo na kuusahihisha, lakini miezi 12 ikipita tangu shauri liishe, mlango huo unafungwa. Rufaa ina siku 30 tu, nazo zilikuwa zimekwisha zamani. Barua ya shemeji ilikuwa na miezi kumi.

Ilikuwepo njia nyingine, ya kuomba utenguzi palepale mahakama ya mwanzo chini ya kanuni ya 9 ya Kanuni za Mirathi za 1971. Sikuipenda. Wakati huo mawakili hatukuruhusiwa kusimama mahakama ya mwanzo. Ruhusa ilikuja na marekebisho ya 2021, tena pale tu hakimu anapokuwa hakimu mkazi. Mama angelazimika kusimama peke yake, ugenini, mbele ya ukoo mzima, kwa hakimu yuleyule. Tukachagua mahakama ya wilaya.

Nilipanda basi Ubungo alfajiri, nikaenda kulisoma jalada. Huwa nawasihi mawakili wadogo wasiandike kiapo kabla ya kuliona jalada lenyewe, kwa sababu kasoro kubwa mara nyingi haimo katika hukumu bali katika fomu. Humu ilikuwa katika Fomu Na. I, ile ya maombi ya usimamizi. Sehemu ya warithi ilikuwa na mama mzazi wa marehemu na ndugu zake wanne. Mke hayumo. Watoto watatu hawamo. Sehemu ya makazi ya marehemu iliandikwa jina la kijiji. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa mahakama na ofisi ya kijiji, ambako mtu wa Mbagala hawezi kuliona. Nyuma yake ukaambatanishwa muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi tisa. Muhtasari huo ni desturi nzuri, unaonyesha familia imekaa ikazungumza, na mahakama nyingi huudai. Lakini si sharti la sheria, na wajumbe wake hawageuki kuwa warithi kwa kutia sahihi.

Hoja ya kwanza ilitosha kutushindia. Jedwali la Tano la Sura ya 11 linaipa mahakama ya mwanzo mamlaka pale marehemu alipokuwa na makazi ya kudumu ndani ya eneo lake wakati anafariki. Tulipeleka hati ya kiwanja, barua ya serikali ya mtaa, hati za mshahara za mwajiri wa Dar es Salaam, na bili za umeme za miaka kadhaa kwa jina lake. Upande wa pili walijibu kwa kaburi: amezikwa kwao, kwa hiyo makazi yake ni kwao. Hoja hiyo ina uzito moyoni mwa watu wetu na sikuidharau. Ila sheria inauliza alipokuwa anaishi. Kaburi linaonyesha asili yake. Mahakama ya wilaya ilifuta mwenendo wote na uteuzi.

Hapo ndipo swali gumu zaidi lilipoanza: mirathi ifuate sheria gani? Kwa sheria za kimila zilizoandikwa mwaka 1963, Tangazo la Serikali Na. 436, mjane hana sehemu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto. Kwa Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ambayo bado inatumika Tanzania, mjane mwenye watoto anapata theluthi moja na watoto wanagawana theluthi mbili. Mahakama huamua kwa kupima namna marehemu alivyoishi na nia aliyoionyesha. Shauri linalotajwa sana ni la mirathi ya Innocent Mbilinyi, la mwaka 1969, ambamo marehemu alionekana kuwa ameacha maisha ya kimila.

Dini peke yake haitoshi, na hapa ndipo maombi mengi ya Wakristo hukwama. Cheti cha ndoa ya kanisani tulikuwa nacho, lakini tukaongeza kiapo cha mzee wa kanisa, cha jirani, na cha mtoto mkubwa. Vilieleza kwamba hakuwa na shamba wala nyumba kijijini, hakuhudhuria vikao vya ukoo, watoto walibatizwa na kusoma mjini, na akiba yake yote aliiweka kwenye nyumba ile. Inafaa pia familia ijue kwamba hata kwa mila, kaka hamtangulii mtoto wa marehemu.

Sasa nyumba. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinachukulia kwamba mali iliyo kwa jina la mwanandoa mmoja ni yake, hadi ithibitishwe vinginevyo. Shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, 1983, liliitambua kazi ya nyumbani kama mchango, lakini lilihusu talaka, na kifungu cha 114 nacho kinazungumzia talaka na utengano, si kifo. Nilitaka ushahidi wa fedha. Mama alikuwa ametunza daftari la VICOBA, kikundi chake cha kuweka akiba na kukopa, na mikopo yake miwili iliangukia miezi ileile ya risiti za mabati na nondo. Hapo mchango wake ukaweza kutengwa kwanza, kabla ya kugawa kilicho cha marehemu.

Tulifungua upya Mahakama Kuu. Shemeji hakuwa mrithi, hivyo ridhaa yake haikuhitajika kisheria. Hata hivyo angeweza kuweka pingamizi, na pingamizi likishikiliwa, maombi hugeuka kesi ya madai yenye mashahidi. Nilimwalika ofisini pamoja na mama. "Mzee, gharama za mazishi ulilipa wewe?" Alikuwa ameuza ng'ombe wawili kwa ajili ya jeneza na gari la kusafirisha mwili, na hakuna aliyewahi kumshukuru. Gharama za mazishi zilizo za kiasi hulipwa na mirathi kabla ya madeni mengine. Tulichukua risiti zake, tukapunguza humo kiasi cha rambirambi kilichoandikwa kwenye daftari la msiba, na kilichobaki kikaingia kwenye orodha ya madeni. Hakuweka pingamizi. Naamini hilo ndilo lililookoa mirathi ile kuliko hoja zangu zote.

Mama aliteuliwa, akala kiapo, akasaini dhamana pamoja na wadhamini. Orodha ya mali, Fomu Na. 80, inatakiwa ndani ya miezi sita, na hesabu, Fomu Na. 81, ndani ya mwaka. Wasimamizi wengi huishia kwenye barua ya uteuzi, na miaka baadaye watoto wanaanza upya. Nyumba haikuuzwa. Iliandikishwa kwanza kwa jina lake kama msimamizi, kisha kwa hisa: ya kwake, na za watoto watatu. Hesabu zilipofika, jaji aliuliza kuhusu kodi ya vyumba vya uani, fungu la mtoto mdogo wa miaka 14. Mama akatoa taarifa ya benki ya akaunti ya mtoto, na jalada likafungwa.